Machozi Niliyommwagia Marehemu Nisiyemjua

Haya, chekeni mmalize kabisa, halafu ndiyo nianze, maana nawajua, nikifika katikati mtaanza kushikana mabega na mimi nitashindwa kuendelea, na jambo lenyewe ni la aibu, tena aibu ya mtu mzima mwenye mvi. Nimewahi kuanguka na mkungu wa ndizi mbele ya kanisa siku ya Pasaka, watu wote wamevaa nguo nyeupe. Nimewahi kumwita mke wa mwenzangu "mama watoto" gulioni nikidhani ni wangu (kwa mgongo walifanana, msiniangalie hivyo). Lakini hayo yote ni mchezo tu ukiyaweka karibu na siku niliyokwenda kulia msibani Bukoba, msiba wa mtu ambaye hata jina lake sikulijua, nikalia kuliko mjane wake.

Ilikuwa bado enzi za Mwingereza, miaka ile ya mwisho mwisho, kahawa ina bei na kila mtu hapa Kimwani ananunua baiskeli, isipokuwa mimi, mimi nilikuwa na shughuli na uso wangu. Nilikuwa na kovu la moto hapa, kati ya pua na jicho la kulia, la tangu utotoni nilipoangukia mafiga ya mama. Likakaa miaka mingi limetulia, hata nikalisahau, halafu Paulina wangu alipofariki likaanza kuwasha, likafanya kidonda, na kidonda kikakataa kila dawa, majani ya bibi huyu, unga wa bwana yule, maji ya baraka, vyote. Kikawa kinatambaa kuelekea jichoni. Na hilo ndilo lilikuwa jicho langu la kutegemea, maana la kushoto lilishaingia mtoto wa jicho, nikilitumia peke yake naona watu kama vivuli vyenye nguo.

Hakuna aliyenifukuza, nisiwasingizie watu. Ila kanisani benchi langu likaanza kuwa refu, nakaa mwanzo wa benchi na anayefuata yuko mwisho kabisa. Kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, pale ambapo kibuyu huzunguka kutoka mkono hadi mkono, mimi nikapewa kibuyu changu na mrija wangu, "kwa heshima yako, Ta Deo," wananiambia, na mimi nashukuru kama mjinga, nakunywa heshima yangu peke yangu kule pembeni. Wanangu walikuwa Uganda wakitafuta maisha. Nikirudi nyumbani napika ndizi za mtu mmoja, na nyinyi mnajua ndizi za mtu mmoja hazipikiki, ama zinakuwa chache mno ama zinabaki mpaka kesho, nikazoea kula viporo.

Basi nikaenda Bukoba, hospitali yenyewe siitaji kwa sababu kosa lilikuwa langu. Daktari Mzungu akakitazama kidonda, akakikata kipande kidogo, baadaye akasema ni kansa, lakini ni ya juujuu, haijazama, na mashine ya mionzi inaweza kuiunguza. Nikauliza, "Na jicho?" Akamwonyesha Sista kwa kidevu, kana kwamba swali la jicho ni la Sista.

Na kweli lilikuwa lake. Sista Benedikta, mtawa wa Kizungu mrefu kama mlingoti, Kiswahili anakisema kwa haraka kama anayekikimbiza. Akanieleza hivi: mionzi haijui kidonda ni kipi na jicho ni lipi, inapiga chochote kilicho mbele yake, na jicho likipigwa leo halilalamiki, linakuja kuingia ukungu baadaye, siku hiyo hata ukilia huponi. Kwa hiyo kila nikilala pale kitandani ananifunika uso wote kwa bamba la risasi (risasi ya madini, si ya bunduki), bamba lenye tundu moja tu ukubwa wa kidonda changu. Tunduni mwa pua ananisokomeza kipande kingine kilichoviringishwa kwa pamba, kulinda nyama za ndani. Na jicho, sasa hapo ndipo penye hadithi, jicho analitia matone ya ganzi, anasubiri, halafu anainua kope na kuniingizia chini yake kikombe kidogo cha risasi kilichopakwa nta, kama nusu ya ganda la buni, kinakaa juu ya mboni kama kofia.

"Jicho lako la kuona ni hili moja," aliniambia siku ya kwanza. "Na kikombe cha namna hii ninacho hiki kimoja. Vyote viwili navilinda mimi, wewe kazi yako ni kulala tu."

Wakishamaliza kunifunika, wote wanatoka. Hilo hawakuniambia mapema. Daktari anatoka, Sista anatoka, mlango unafungwa puu, mashine inaanza kunguruma, na mimi nimelala na risasi usoni, giza tupu, nikijua kwamba kitu kilichomo chumbani humu ni kibaya kiasi kwamba wenye akili wote wamekikimbia. Nilikuwa nasali rozari, nikichoka kusali naongea na Paulina.

Baada ya hapo Sista anatoa bamba, anatoa cha puani, mwisho kabisa anatoa kikombe, anaosha jicho na kulifunga bendeji mpaka ganzi iishe, maana jicho lenye ganzi hata likiingiwa na mchanga halina habari. Na kila siku lazima aulize, "Nani amekuja kukuchukua?" Nami kila siku najibu, "Ndugu yangu yuko getini." Getini hakukuwa na mtu. Nilikuwa natoka na fimbo yangu, napapasa njia kwa lile jicho la ukungu mpaka Miembeni, kwenye chumba nilichopanga kwa Bi Zuhura, mama mmoja mwenye asili ya pwani, mwema sana lakini mchana kutwa yuko sokoni na vitumbua vyake. Nakaa kitandani nasikiliza watu wakipita barabarani na habari zao.

Siku yenyewe sasa. Asubuhi nikienda hospitali nilipita penye kilio. Pale mji unapoishia na migomba kuanza palikuwa na nyumba, watu wamejaa, wanawake wanalia ndani, wanaume wamekaa nje juu ya nyasi, na harufu ya ndizi zinazopikwa katika masufuria makubwa, ndizi za watu wengi. Nikasimama njiani. Mnajua kwetu msibani mtu haulizwi umetoka wapi, anayepita anaingia, anakaa, anasogezewa chakula. Nikajiambia, Deo, ukitoka kwenye mashine pitia hapa ukae na watu kidogo. Msinilaumu. Nilikuwa nimekaa wiki nzima bila kuongea na mtu isipokuwa Sista, na Sista mwenyewe ni kuniambia fumba, fumbua.

Basi mashine ikamaliza kunguruma, Sista akaingia, akatoa bamba, akatoa cha puani, na hapohapo akaitwa kwa kelele wodi ya wazazi, kuna mama anatokwa damu. Akakimbia huku anasema, "Deo, usinyanyuke, narudi sasa hivi!" Nikalala. Nikangoja. Dirishani nikasikia vilio vya kule migombani vimepanda, nikajua wanazika, wakimaliza kuzika watakula, na wakimaliza kula wengine wataondoka. Akaingia mhudumu wa kufunga vidonda, mgeni pale, akauliza, "Sista ameshamaliza na wewe, mzee?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana aibu yote ilizaliwa hapa. Jicho lilikuwa na ganzi. Kikombe kimo au kimetoka, mimi sikuhisi chochote. Ningeweza kusema "sijui." Ningeweza kusema "ngoja." Lakini nilikuwa nimeshazisikia zile ndizi puani, nikajiaminisha kwamba huenda amekitoa pamoja na vile vingine, mtu ana mikono miwili bwana. Nikasema, "Ameshamaliza kila kitu." Yule akanifunga bendeji nzuri nyeupe, kaizungusha kichwa kizima, nikashika fimbo nikatoka.

Kule msibani nilipokewa vizuri mpaka nikataka kulia kabla ya wakati. Nikavua kofia, sauti moja ya kiume ikasema, "Karibu waitu, sogea hapa, pole na njia," na mtu akasogea, lakini hakusogea kunikimbia, alisogea kunipa nafasi kisha akarudi kunikaribia mpaka bega lake likagusa langu. Bendeji ilikuwa safi, ina harufu ya dawa tu, kidonda hakuna aliyekiona. Sikumbuki mara ya mwisho bega la mtu lilikuwa limenigusa. Wakaleta ndizi na maharage kwenye jani la mgomba, tukala mkono wangu na mikono yao jani moja. Nilikula polepole kusudi chakula kisiishe, na ninaona haya kusema, lakini nilikuwa na furaha, nimekaa msibani kwa watu na nimejaa furaha.

Halafu ganzi ikaanza kuisha.

Kwanza nilisikia kama chembe ya mchanga. Nikasema si kitu. Chembe ikawa punje ya mtama, punje ikawa jiwe, na kila nikipepesa jiwe linasaga. Machozi yakaanza, yakalowesha bendeji, yakashuka shavuni, yakadondokea kwenye ndizi. Nikauma meno. Jirani yangu akaniambia, "Jikaze waitu, ndiyo dunia." Nikajikaza, nikapepesa kwa bahati mbaya, na pale pale nikapiga ukelele, "Yee mawe! Nakufa mimi!"

Jamani. Nyumba nzima ikaitikia. Wanawake ndani walikuwa wamenyamaza wakipumzika, wakaanza upya kwa nguvu, na kadiri walivyolia ndivyo nilivyozidi kuumia, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyonijibu. Watu wawili wakaniinua kwa heshima, wakasema mtu mwenye uchungu hivi hakai nje na wapita njia, wakanipeleka ndani mpaka kwa mjane mwenyewe, wakanikalisha kando yake juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Nilipaswa kusema pale pale. Lakini nilikuwa nimebana meno, nikifungua mdomo kinatoka kilio tu, na tena (nisiwafiche) yule mama alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole waitu," akaniambia Ma Anastela, ndilo jina lake nililokuja kulijua baadaye. "Pole sana. Hakuna aliyemlilia hivi. Mlijuana wapi?"

Nikasema, "Mmmh," kwa maumivu. Yeye akanifinya mkono akasema ni sawa, tutazungumza baadaye.

Nikiwa nimekaa pale nikaanza kumkumbuka Paulina. Siku ya kuzikwa kwake sikulia, wanaume walinizunguka wakaniambia jikaze, nikajikaza, na nikaendelea kujikaza tangu hapo kama mjinga. Sasa machozi yalikuwa yanashuka tu, hayaulizi, na katikati ya maumivu yale nikawa nalia kweli. Yapi yalikuwa ya jiwe na yapi yalikuwa yake, hata leo siwezi kuwatenganishia.

Kumbe mlangoni kuna watu wananong'ona. Mdogo wa marehemu, Ta Laurenti, bwana mwenye sauti ya kukoroma, alikuwa anawaambia wenzake kwa Kihaya, na mimi nasikia vizuri, kwamba mtu halii hivi bure, kwamba baba yao, yeye na marehemu, alikaa Karagwe miaka mingi na huko hakukaa peke yake, na kwamba huyu aliyefungwa kichwa kama yai ni mtoto wa huko, amekuja na kibanja kichwani, anataka urithi wa shamba la ukoo. Mnajua kwetu neno kibanja linavyofanya kazi. Minong'ono ikageuka makelele, Laurenti akaingia, akasimama mbele yangu, nikaona kivuli chake kimeziba mlango.

"Wewe mtu," akasema. "Mbele ya watu wote hawa, tuambie baba yako ni nani, wa ukoo gani, na umekuja kulia nini hapa. Kama umekuja kudai mgomba, hata mmoja hupati!"

Nikafungua mdomo nijibu, na jicho likachoma kana kwamba limetiwa pilipili, uvumilivu ukanishinda, nikaivuta ile bendeji kwa mikono miwili nikaitupa, nikainamisha kichwa. Kitu kikateleza kutoka chini ya kope yangu. Kikaangukia kwenye sahani ya bati iliyokuwa chini, ting!, kikazunguka, kikatulia, kidogo, cheusi, chenye mgongo wa mviringo na utelezi wa machozi.

Mwanamke mmoja akapiga yowe, "Jicho lake limedondoka!"

Na mimi, mwenye jicho, nikaamini. Nikasema basi, Deo, ndilo hilo, lako la pekee, umelila kwa ndizi na maharage. Watu walikuwa wanapita juu ya wenzao kutafuta mlango, mtu kamwaga maji, mtu anapiga ishara ya msalaba, na mimi nimeziba uso kwa viganja nikiogopa kuviondoa. Nilikaa hivyo nikimwomba Mungu aniachie hata kidogo, hata ukungu kama wa lile la kushoto. Halafu nikaondoa viganja polepole, nikafumbua. Mwanga ukaingia kama kisu. Na ndani ya mwanga nikaona uso, uso kamili wenye makunyanzi na macho na rozari shingoni, uso wa Ma Anastela, hakuwa amekimbia.

"Naona," nikasema. "Mama, ninakuona!"

Ikabidi nieleze. Mbele ya ukoo wote, vichwa vimejazana mlangoni na dirishani, nikaeleza habari za mashine na Sista na kikombe. Laurenti akaniuliza kama hakimu, "Kwa hiyo kilio kile chote ni cha hicho kidude?" Nikasema ndiyo. "Na Karagwe?" Sijawahi kufika. "Na marehemu ulimjua wapi?" Nikatazama chini, nikasema sikumjua, nilipita tu njiani nikasikia kilio, nikaona niingie nikae na watu.

Mtu mmoja nje akacheka kwa pua, alijizuia akashindwa, akafuatwa na mwingine, na msiba mzima ukaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Laurenti, maana kibanja kimepona, alicheka mpaka akashika nguzo. Ningevumilia kicheko. Lakini uso wangu sasa ulikuwa wazi, kidonda kinaonekana, na nikaona nyasi zinazonizunguka zinabaki tupu, waliokuwa karibu wamesogea taratibu, wengine huku bado wanacheka.

Ma Anastela peke yake hakucheka wala hakusogea. Alikuwa ameachia mkono wangu lakini hakuwa ameuondoa wa kwake, ulikuwa pale katikati yetu juu ya nyasi. Akasema kwa sauti ndogo, nadhani ni mimi tu niliyemsikia, "Mimi nilidhani alikuwapo mtu aliyempenda."

Jamani, hiyo ndiyo aibu yangu. Kicheko kilipita.

Akamwamuru shemeji yake anirudishe hospitali, na Laurenti akanishika mkono wa shati, kikombe amekifunga kwenye jani la mgomba kama samaki, njia nzima anakumbuka na kuanza kucheka upya. Hospitali tulimkuta Sista amepindua godoro anatafuta. Hakunipiga, lakini nadhani aliungama Jumamosi kwa alichokuwa anakifikiria. Aliosha jicho, akalimulika kwa kurunzi, akasema limekwaruzika, na kwamba ningelisugua mara moja tu na kikombe kikiwa ndani ningekuwa natoka pale kwa kushikwa mkono maisha yangu yote. Mashine ikabidi ingoje mpaka mkwaruzo upone, nikakaa na mafuta jichoni na hofu tumboni, kwamba kidonda kitatumia nafasi hiyo kusonga mbele. Halafu akauliza, kwa mazoea, "Na huyu ndiye ndugu yako wa getini?" Laurenti akajibu kabla yangu, "Mimi simjui, Sista. Alikuja tu kulia kwetu." Ndipo nikasema ukweli kwamba getini hajawahi kuwapo mtu. Sista akaacha kufunga bendeji kidogo, halafu akaendelea kufunga.

Namshukuru Mungu mashine ilirudia kazi yake, kidonda kikakauka, ngozi ikaota hii nyeupe mnayoiona, na jicho ni zima, naweza kuona nani kati yenu anajifanya hacheki. Siku ya kuondoka Bukoba nilipitia kwa Ma Anastela. Alinikaribisha barazani, akanitolea buni za kutafuna kama mgeni wa heshima, tukatafuna. Nikamwomba msamaha. Akasema mume wake alikuwa mtu mkali, watu walikuja kwa sababu ya mazishi, si kwa sababu yake, hata yeye mwenyewe machozi yalimjia kwa shida. Halafu akaniuliza, "Siku ile ulipokuwa unalia, hukumfikiria hata kidogo?"

Ningeweza kumdanganya, ingekuwa zawadi. Lakini nilikuwa nimeshachoka kusema ndiyo za uongo. Nikamwambia hapana, mama, nilikuwa namfikiria mke wangu.

Akatazama migomba. Akasema, "Basi si haba. Yuko aliyeliliwa nyumbani kwangu."

Kwa hiyo mnaponiona siku hizi napita penye kilio na siingii, msiseme Ta Deo ana majivuno. Nasimama kwanza nauliza jina la marehemu. Nikilijua, naingia na kukaa mpaka wanifukuze. Nisipolijua, navua kofia, nawapa pole kutoka barabarani, narudi nyumbani kupika ndizi zangu za mtu mmoja.